Moshi Katika Kibuyu cha Mkwe

Uskoti,
3 Februari 2024

Mjomba Josiah,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako na kwa Mama Hulda, na kwa wote hapo Kulesa wanaoniulizia. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ni ya kumkomoa mtu. Wazee ninaowatunza katika nyumba yao hunicheka nikivaa soksi juu ya soksi, na kuna bibi mmoja ananiita kwa jina la binti yake tangu Krismasi. Nimeacha kumrekebisha. Goti la Mama Hulda linaendeleaje? Nimemtumia mafuta ya kuchua, yamo kwenye begi lilelile lenye chupa.

Sasa nije kwenye chupa. Ulisema mambo ya posa nisikupigie simu, kwa sababu Mama Hulda huweka spika na kijiji kizima kinajibu kabla yako. Basi naandika. Valentine, yule kijana wa Chara niliyekutumia picha yake, anataka kunioa Desemba, na mimi nataka. Wazee wake watakuja kwako baada ya Pasaka, na begi watakuja nalo wao. Sijasahau kwamba kwetu mkwe haleti kinywaji cha dukani. Huleta alichokitengeneza kwa mkono wake, na mjomba wa msichana hukinywa mbele ya pande zote mbili. Akimeza, neno limekubaliwa. Akitema, wageni wanakwenda zao na posa imekufa.

Valentine hawezi kugema tembo huku, mnazi hata wa dawa haupo. Lakini anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha wiski kisiwani, na hicho kilichomo chupani amekishika yeye tangu ni shayiri mpaka kizibo. Shayiri huloweshwa ikaota, kisha hukaushwa kwa moshi. Moshi wenyewe si wa kuni, ni wa udongo mweusi wa kinamasi. Wanaukata vipande kama matofali, wanauanika, wanauchoma. Kinywaji kikishapikwa kinalazwa miaka mingi kwenye mapipa yaliyokuwa na divai nyekundu, ndiyo maana rangi yake ni hiyo utakayoiona. Pipa hilo Valentine alilijaza alipoanza kazi, kabla hatujajuana. Huku watu wanakinusa wamefumba macho, hawataki hata kusemeshwa.

Mjomba, sina baba, na mama yangu aliniacha mikononi mwako. Nakuomba umeze.

Mpwa wako,
Linda


Kulesa,
19 Mei 2024

Mpwa wangu Linda,

Barua yako ilifika, na salamu zako nimezigawa zikaenea. Sisi tupo, kama wanavyoweza kuwapo watu wanaolala chini ya turubai. Mto ulipanda. Uliingia shambani, ukaingia jikoni, ukaingia chooni, na ulipotoka chooni haukutoka peke yake. Tumehamia kwenye mwinuko karibu na barabara ya Garsen, sisi pamoja na ng'ombe wa Dahabo, yule mama wa Kiorma anayetuuzia maziwa. Migomba imelala, mpunga umeoza ukiwa umesimama, na samaki waliokwama kwenye vidimbwi wananuka hata mtu haoni raha kufungua kinywa kusali. Mama Hulda anakushukuru kwa mafuta. Goti limepoa, ila anasema la pili limeona wivu.

Watu wa Chara walikuja kabla ya maji. Aliwaongoza Mzee Hiribae, baba mdogo wa Valentine, na mama yake Valentine alikuwapo, yule Florence, mwanamke mpole sana. Walikula wali kwa kuku na samaki wa nazi, wakashiba, wakanawa. Kinywaji kikafunguliwa.

Linda, nikuulize. Hao watu wanaofumba macho wakikinusa, una hakika si kwa uchungu? Nilipong'oa kizibo, Mama Hulda alitoka jikoni mbio akiuliza nani anachoma godoro. Nzi waliokuwa kwenye mabakuli waliondoka, na nzi wa Kulesa unawajua, hawaondokei kitu. Nimeitafuta sana harufu ile niipatie jina. Naona ni kama mtu amezima moto wa matete mabichi kwa ile dawa ya kuoshea vidonda ya zahanati, kisha akamwagia divai ya Meza ya Bwana kuomba radhi. Na usiniambie kwamba mimi si mtu wa moshi. Dahabo hufukiza kibuyu chake kwa kaa la mti kabla ya kukamua, na maziwa yake ukiyanywa unataka tena. Moshi naujua. Huo wenu ni moshi wa kitu ambacho hakikupaswa kuungua, kilikuwa kimejilalia kwenye matope yake na watu wakaenda kukisumbua.

Basi ndizo habari. Ya Desemba tutazungumza maji yakipungua. Kula vizuri, na usivae soksi mbichi.

Mjomba wako,
Josiah


Uskoti,
14 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo, na poleni sana kwa maji. Nimewatumia blanketi kwa mkono wa mtu anayekuja Malindi, atawapigia akifika. Yule bibi yangu amefariki. Siku ya mwisho aliniita jina langu mwenyewe, Linda, na sijui nani alimwambia. Nililia chooni kazini nikarudi kugawa chai.

Nimeisoma barua yako kila ninapopata nafasi, nikitafuta neno moja. Wageni walikula. Wakanawa. Kizibo kikang'oka, nzi wakaondoka, Mama Hulda akatoka jikoni. Halafu unaniambia habari za maziwa. Mjomba, ulimeza au hukumeza?

Valentine anampigia Mzee Hiribae na simu inaita mpaka inachoka. Mama yake anapokea, ila anamwambia tu ale vizuri. Nawe umeniambia nile vizuri. Mnaonekana mmekubaliana. Nina kanzu ya harusi nimeiacha kwa fundi nusu, sijui nimwambie aendelee au aache. Nijibu hilo moja tu, hata kwenye kikaratasi.

Mpwa wako,
Linda


Kulesa,
30 Julai 2024

Mpwa wangu,

Natumaini hujambo. Pole kwa bibi. Blanketi zimefika na Mama Hulda amezifungia, anasema ni za wageni, ingawa nyumba ya kuwaweka hao wageni bado ina tope la kufika kifundoni. Barua yako ilikaa posta Garsen, na nilipoichukua, mimi nami nikakaa nayo.

Sikumeza.

Sasa nisikilize kabla hujachukia. Kibuyu cha mkwe hakinywewi kwa kudokoadokoa. Anayedokoa anaonekana anaogopa sumu, na hilo ni tusi kwa wageni. Unatia mrija, unavuta, na huutoi mdomoni mpaka mkubwa wa upande wao aseme inatosha. Mjomba wake Mama Hulda alikunywa tembo langu hivyo hivyo nilipomposa. Lilikuwa limeshinda juani, lina nyuki ndani, na mzee yule alimeza nyuki na kunishukuru. Wewe hukuniandikia kwamba hicho cha kwenu kinanywewa kwa kifuniko.

Walimimina nusu ya chupa kibuyuni. Nikatia mrija, ule wenye nyuzi za kuchujia, nikavuta kama tunavyovuta. Mpwa wangu, hakikuja kinywaji, ulikuja moto, ukakaa kwenye fizi. Hiribae alikuwa ananitazama na hajasema kitu, basi nikavuta tena. Hapo ukaja moshi, ukapanda puani kwa ndani, macho yakaanza kutokwa maji. Nikasema moyoni, Josiah, moshi utapita. Chini ya moshi ukaja utamu, na huo utamu ndio ulionimaliza. Ulikuwa utamu wa zabibu zilizoozea ndani ya kiatu cha ngozi, na kiatu chenyewe kimeokotwa kwenye jivu, na humo ndani mtu amemwaga ile dawa ya vidonda. Halafu kulikuwa na chumvi. Mpaka leo najiuliza chumvi ilitoka wapi, na sijapata wa kumwuliza. Yote hayo yamo kinywani, mashavu yamejaa, Hiribae ananitazama, Mama Hulda ananitazama, na koo limefunga. Nilijitahidi. Nilimfikiria mama yako. Nilimfikiria hata yule nyuki.

Kikatoka chote, kwa mdomo na kwa pua, kikampata Mzee Hiribae kwenye shati lake jeupe la kanisani, kutoka kola mpaka mfuko wa miwani.

Hakuna aliyecheka. Mzee alijifuta taratibu kwa leso, akakigeuza kibuyu mdomo chini, kilichobaki kikaingia mchangani. Akasema, "Tumejibiwa." Wakainuka wote. Florence alibaki nyuma kidogo, akaniambia, "Mwanangu amekilea kitu hicho miaka yote hii," akawafuata wenzake. Kinywa changu kilinuka siku kadhaa. Nilipiga mswaki kwa chumvi, kwa mkaa, kwa limau. Dahabo aliniletea maziwa akayarudisha, akasema ng'ombe wake hataki kukamuliwa karibu nami.

Unajua desturi. Kilichotemwa hakirudiwi, mkwe hutengeneza kingine posa ianze upya. Mwambie Valentine atengeneze kingine, kisichonuka. Huko hakuna ndizi?

Mjomba wako,
Josiah


Uskoti,
21 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Msalimie Mama Hulda. Leo sina habari nyingine za kutanguliza.

Hicho kingine kitoke wapi? Pipa linalala miaka mingi kuliko tuliyojuana. Unataka niolewe nikiwa nimeshaingia kwenye ile nyumba ya wazee, nikitunzwa mimi? Nilimsomea Valentine barua yako. Alicheka mpaka ulipofika kwenye shati la baba yake mdogo. Hapo akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kile ndicho kitu cha kwanza alichokitengeneza tangu atoke kwao, na kimeishia mchangani na kwenye kola ya mtu.

Halafu nikuambie jambo ambalo sikukuandikia mwanzo. Mimi pia kilinichefua. Mara ya kwanza nilikimbilia sinki, nikasukutua mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilihisi nimelamba kitanda cha hospitali kilichonusurika moto. Mpaka leo sikipendi. Nakunywa kidogo, na maji, nakimeza kwa sababu naijua mikono iliyokitengeneza, inavyopasuka wakati wa baridi. Kwa hiyo habari za ladha usinieleze, nazijua. Na mrija ni kosa langu, nimekaa huku mpaka nimesahau tunavyokunywa.

Lakini Mjomba, wewe si mtu wa kushindwa kumeza. Nilipokuwa mdogo nikipata malaria na kukataa kwinini, ulikuwa unaitafuna yako kwanza mbele yangu, kavu, bila maji, na unatabasamu, ili nione inamezeka. Mama Hulda alikuwa anakukataza. Mtu aliyefanya hivyo leo ananiambia eti koo limefunga kwa wiski?

Mimi naona hukutema kinywaji. Ulitema mimi kuolewa, na mimi kubaki huku. Kama ndivyo, andika hivyo, usinipe hadithi ya viatu na zabibu. Desemba haisogei. Usipomeza, tutaandikishwa ofisini huku na mashahidi wa kuazima, na Kulesa sitakuja tena. Nitakujaje, nikae kwenye mkeka wako kama mtu aliyekataliwa na watu wake mwenyewe?

Linda


Kulesa,
12 Oktoba 2024

Linda, mwanangu,

Maji yameisha. Kilichobaki ni tope, na tope linaota vizuri, mahindi yameshanifika kiunoni. Tumerudi nyumbani. Kuta tumezikandika upya ila harufu bado ipo, hasa jua likiwaka. Mama Hulda yuko mzima, na barua yako alinisomea yeye, kwa sauti, kwa sababu mimi niliisoma nusu nikaiweka chini. Alikwenda ndani akaitoa ile nusu ya chupa iliyokuwa imebaki, akaifunga kwenye leso yake, akaniwekea mapajani.

Nikaenda Chara. Pikipiki mpaka barabara ilipokubali, kisha mtumbwi, kisha miguu. Mzee Hiribae nilimkuta shambani anapalilia mpunga. Hakuacha kupalilia. Nikamwambia nimekuja kunywa. Akasema kilichotemwa hakirudiwi. Nikamwambia hiki kilikuwa chupani wakati kile kinatemwa, kwa hiyo hiki hakijatemwa na mtu. Akasema huo ni ujanja wa mwalimu wa shule kama mimi, na kwamba ndiyo sababu hakuwahi kuwapenda walimu. Lakini alisimama.

Tulipofika kwake aliingia ndani akatoka amevaa lile shati. Doa halikutoka, Linda. Florence amelifua kwa kila kitu na bado lina rangi ya divai kutoka kola mpaka mfukoni. Akakaa mbele yangu nalo. Wakaita majirani, ili wawepo. Kibuyu kikaja, na mrija, na akasema, "Kwa desturi, Mwalimu. Mimi ndiye wa kusema inatosha."

Nikavuta. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nimekizoea au kwamba kilikuwa kimetulia. Safari hii kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu nilijua kinachokuja, na kilikuja vilevile, moto kwanza, moshi, kile kiatu, ile dawa, ile chumvi ya watu wasiojulikana. Kilikuwa na joto la leso na pikipiki juu yake. Nikamtazama Hiribae machoni, nikaikumbuka kwinini, nikatabasamu huku mashavu yamejaa. Nikameza. Nikavuta tena nikameza. Mzee akajisahau makusudi. Alimwuliza Florence kama kuku wamelala, akamwuliza jirani habari za mashine ya maji, na mimi navuta na kutabasamu, machozi yananitoka mpaka kwenye ndevu. Mrija ulipoanza kuvuta hewa ndipo akasema inatosha.

Florence alikuwa analia. Hiribae akaniuliza kikoje. Nikamwambia sijawahi kuweka kinywani kitu kiovu kama hicho, na kwamba mtoto wetu ameolewa. Akachukua kibuyu akaramba matone yaliyobaki, kwani kumbe watu wa Chara walikuwa hawajakionja, walikibeba tu. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanishika mkono na kusema ya lile shati tuyamalize, yasitajwe tena.

Kwa hiyo mwambie fundi amalize kanzu. Njooni Desemba, wewe na Valentine. Blanketi zenu zipo. Naye atakunywa kwangu, hiyo nimeshapatana na Hiribae. Nimeanza kugema, ule mnazi wa nyuma ya jiko, na nitaliacha tembo lishinde juani, na nyuki sitawatoa. Akitema, nitamwelewa, lakini asiteme.

Chupa tupu Mama Hulda ametia mafuta ya taa. Taa ikiwashwa nyumba nzima inanuka wiski, na tumezima tunakaa gizani.

Uliniandikia nikujibu moja kwa moja. Siku ile ya kwanza, kilinichefua kweli, na ningeweza kumeza. Nilijua nikimeza umekwenda. Koo likajua pia, likafunga, na mimi sikulilazimisha. Ulisema kweli, na sikupenda uliposema.

Kinywaji nimekimeza, Linda. Wewe kwenda, bado.

Mjomba wako,
Josiah